Madaftari Matatu ya Bwana Bado

Askari wawili walibisha hodi wakati Mama Sare ana pini sita mdomoni, kwa hiyo hakuweza kuitikia, na walipoingia bila kukaribishwa hakuweza kuwauliza kulikoni. Alizitema pini moja moja kiganjani huku akiwatazama wanavyochungulia. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia na rundo la sare za shule, maana ndizo zilizompa jina. Upande ule kulikuwa na kitanda, makopo ya rangi, na mbao za mumewe zimegeuziwa ukutani kama watoto waliotiwa adabu.

Mmoja wa wale askari alikuwa na sare. Wa pili alivaa kiraia, mtu mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka mpaka Mama Sare, kwa mazoea ya kazi, akaanza kuitazama kola kabla ya uso. Huyo ndiye aliyekuwa mpelelezi. Akauliza kama mwenye nyumba yupo.

Mwenye nyumba alitoka nyuma ya pazia na brashi mkononi, nyuzi za rangi nyekundu kwenye nywele. Kwa riziki alikuwa anaandika mabango ya maduka. Kwa mapenzi alikuwa mchoraji wa picha, na mtaani walimwita Bwana Bado, kwa sababu kila aliyemuuliza kama picha imeisha alijibiwa hivyo. Alikuwa anaweza kuchora kitu kwenye daftari mwaka mzima kabla ya kugusa ubao.

Mpelelezi alisema amesikia kwamba mzee anapenda kukaa mbele ya lile ghala la matairi, na daftari.

"Napenda sana," akasema Bwana Bado.

"Tunaweza kuliona hilo daftari?"

Hapo ndipo Mama Sare alipotaka kumkanyaga mguu, lakini meza ilikuwa katikati. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yao hakuna mtu aliyewahi kuja nyumbani kuomba kuona madaftari. Watu huomba kuona picha, na mara nyingi hata hiyo hawaombi. Uso wa mumewe ulifunguka kama dirisha. Akaenda akayaleta yote matatu, akafuta meza kwa kiwiko, akasukuma sare za watu pembeni, akaanza kuwafunulia ukurasa baada ya ukurasa. Hapa nilikaa upande wa pili wa barabara, akasema. Hapa nilisogea karibu na mtaro ili nilione lango vizuri. Hapa nilikuja alfajiri, wiki nzima, kwa sababu nilitaka kujua walinzi wanabadilishana vipi.

"Kwa nini ulitaka kujua?"

"Kwa sababu watu wote hugeuka wakati ule. Vibarua wanaosubiri kuchaguliwa. Mlinzi akiondoka, wote wanageuza shingo. Ni kama upepo umepita."

Yule mwenye sare alikuwa anatazama michoro na kutabasamu, maana ilikuwa mizuri. Lakini Mama Sare aliona kwamba mpelelezi hatazami michoro. Alikuwa anasoma maandishi ya pembeni.

"Taa ya kona imekufa," akasoma kwa sauti. "Giza zuri hapa. Wasije wakaitengeneza." Akanyanyua macho. "Haya ni maneno yako?"

"Yangu," akasema Bwana Bado kwa furaha. "Ile kona ndiyo inayobeba picha nzima."

"Juzi watu waliruka ukuta kwenye kona hiyo," akasema mpelelezi, "wakampiga mlinzi wakamvunja taya, wakaondoka na matairi mia mbili. Vaa viatu, mzee."

*

Kesho yake asubuhi Mama Sare alikwenda kituoni na shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa kinyozi na alifahamiana na nusu ya mji kwa visogo vyao. Askari wa kaunta aliandika jina la mahabusu, kisha akauliza kazi yake.

"Mchoraji," akasema Mama Sare.

"Mama, nimeuliza kazi."

"Anaandika mabango ya maduka," akasema shemeji.

"Hapo sawa," akasema askari, akaandika.

Waliketi kwenye benchi mpaka saa tano. Mpelelezi alipowaita, hakuwa mkali. Mama Sare angependa awe mkali, kwa sababu mtu mkali unajua utamwambiaje. Huyu aliwapa viti, akafungua madaftari, akawasomea taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. Saa kumi na mbili kasorobo, mlinzi wa kwanza anaondoka, wa pili hajafika. Hapa ndipo pazuri. Ukurasa mwingine: Ukuta, mtu mmoja na nusu. Ukurasa mwingine: Mlango mdogo wa nyuma, kivuli mpaka saa tatu, hakuna anayepita. Kila sentensi Mama Sare aliifahamu mwandiko wake, na kila sentensi, ikitoka kinywani mwa yule bwana mwenye shati lililonyooka, ilikuwa maneno ya mwizi.

Akajaribu kueleza. Alisema mumewe hachori picha moja kwa moja. Huanza na hizi rasimu, anatafuta kila kitu kilipo, kisha ndipo anahamia kwenye ubao. Akaona hajaeleweka, akageukia kazi anayoijua. Mimi ni fundi cherehani, akasema. Kabla sijatia mkasi kwenye kitambaa cha mtu, nakata kwanza kwenye karatasi. Nikikosea nimekosea karatasi. Na yeye ndivyo hivyo hivyo.

Mpelelezi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, hilo Mama Sare alimkubalia.

"Nimekuelewa," akasema. "Sasa wewe mtu akikukamata na hiyo karatasi, utamwonyesha gauni. Nionyeshe gauni, mama. Picha yenyewe iko wapi?"

"Bado," akasema Mama Sare, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Miezi minane anaandaa, na picha hakuna."

Shemeji akaingilia kati. Akasema zipo picha za zamani pale nyumbani, kwa mfano ile ya akina mama bombani, na kwamba hata hiyo ilianza kwa madaftari. Yakiletwa madaftari na picha, afande ataona mwenyewe jinsi yanavyofuatana.

"Leteni," akasema mpelelezi.

Mama Sare alitazama sakafu. Madaftari ya bombani alikuwa ameyamaliza yeye. Yalikuwa na karatasi nene, ngumu, inayoshika umbo, na mwaka juzi karatasi ilipopanda bei aliyakatia kola na mifuko. Alimuuliza mumewe, naye akasema chukua, picha si imeshaisha. Mpaka leo zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari pembeni ya cherehani, kola saizi ya darasa la kwanza mpaka la saba, na kwenye kila moja kipande cha mkono au cha ndoo.

"Hayapo," akasema.

"Hayapo," akarudia mpelelezi, na akaandika.

*

Waliruhusiwa kumwona kwa dakika kumi, kwenye korido, askari amesimama pembeni anakata kucha kwa meno. Bwana Bado alikuwa peku na mkanda wamemnyang'anya, ameshika suruali kwa mkono mmoja. Mama Sare alikuwa amejiandaa kulia, lakini neno la kwanza lililomtoka mumewe lilimkausha.

"Wameyaweka wapi madaftari? Wasiyashike na mikono yenye jasho, ile ni mkaa, itafutika."

"Ifutike," akasema Mama Sare. "Ifutike yote leo hii, nitachinja kuku."

"Mke wangu."

"Ulikuwa unangoja nini? Miezi minane. Ungekuwa umechora hata robo, leo ningewabebea hiyo robo kichwani."

Mumewe akapandisha suruali. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayemwambia daktari mahali panapouma, kwamba kuna mzee mmoja pale langoni, husimama nyuma kabisa, na mnyapara anapoanza kunyoosha kidole kuchagua, yule mzee hujifanya anafunga kamba ya kiatu. Ili asipochaguliwa ionekane hakuwa anangoja. Amemchora mara arobaini. Bega moja bado linamkataa.

"Na wewe ukaona heri ufungwe kuliko kukosea bega."

"Sikujua kama nitafungwa."

Shemeji akacheka, hakukusudia, na yule askari naye akacheka. Mama Sare peke yake hakucheka. Alimvua mumewe shati chafu, akamvisha safi alilokuja nalo, akamfunga vifungo mpaka juu kama mtoto anayepelekwa shule, na dakika kumi zikawa zimeisha.

*

Siku ya pili alikwenda kwenye ghala, kwa sababu alifikiri: watu aliowachora si wapo? Watu mia moja wamemwona ameketi pale mchana kweupe. Wizi gani huo unaoandikwa mbele ya mashahidi mia?

Alifika kabla lango halijafunguliwa. Walikuwa wamesimama vilevile kama kwenye daftari, mpaka akahisi anawajua. Huyu wa kofia ya sufu. Huyu wa mikono kiunoni. Akawasalimu, akajieleza, akawauliza kama wanamkumbuka bwana wa daftari.

Walimkumbuka wote. Ndugu yetu yule, wakasema. Mtu wa watu. Ametuchora sisi mpaka tukajiona wazuri. Basi njooni kituoni, akasema Mama Sare, hata wawili, mkaseme hivyo hivyo.

Wakaanza kutazama sehemu nyingine. Ndani ya lango mnyapara alikuwa ameshajitokeza, daftari lake la majina kwapani, na tajiri wa ghala alikuwa amesimama naye. Mtu atakayeonekana leo kumtetea aliyekamatwa kwa wizi wa matairi, kesho hatachaguliwa, na keshokutwa vilevile. Hakuna aliyehitaji kumwambia Mama Sare hayo. Aliyaona yakipita usoni mwao.

Kijana wa kofia ya sufu ndiye peke yake aliyemjibu. "Mama, usinielewe vibaya. Mumeo aliwahi kuniomba nisigeuke, anamalizia shingo yangu. Nikasimama hivyo hivyo kwa heshima. Mnyapara akapita, akachagua kumi na tano, mimi nimetazama ukutani. Siku ile nilirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya shingo. Sasa leo unataka niongeze nini?"

Mama Sare akamwambia pole. Lango likafunguliwa, na wote wakamsahau kwa pamoja.

Nyuma kabisa akamwona mzee mmoja ameinama anafunga kamba ya kiatu. Alisimama akamtazama. Kamba ilikuwa imefungwa tayari. Mzee aliifungua, akaifunga tena.

*

Dhamana ilipatikana kwenye kiti cha kunyolea. Mpelelezi alikuwa ananyolewa na shemeji kila Ijumaa, na shemeji alingoja mpaka kidevu kimejaa povu na wembe uko chini ya sikio ndipo akaleta mazungumzo. Baadaye aliapa mbele ya Mama Sare kwamba hakumtisha mtu, ni vile tu nafasi ilijitokeza. Alimwambia afande: Umesema unataka picha. Kaka yangu yuko ndani, picha atachoreaje, kwa kijiko? Mwachie siku kumi. Mimi namdhamini, duka langu hili hapa, na kila asubuhi ataripoti. Akileta picha, linganisha na madaftari. Asipoleta, mfunge, na mimi unifunge.

Mpelelezi alingoja wembe uondoke, akapakwa spiriti. Kisha akasema hilo ni jambo la maana. Hajawahi kukataa ushahidi.

Bwana Bado alirudi nyumbani akiwa amepungua mashavu. Kitu cha kwanza aliomba madaftari. Shemeji akamweleza kwamba madaftari ni ya serikali sasa, yamebandikwa namba na kutiwa kwenye kabati, na kwamba Mama Sare alikwenda kuomba hata kuyanakili, wakamwambia jalada halitoki.

"Basi haiwezekani," akasema Bwana Bado, akakaa kitandani. "Mtu hawezi kujenga nyumba msingi uko polisi."

Binti yao, aliyekuwa kidato cha pili na kwa siku nne alikuwa hasemi na mtu, akatoka nyuma ya pazia. "Baba, miezi minane yote ulikuwa unaandika ili usahau?"

Bwana Bado akajilaza, akageukia ukutani. Lakini kulipokucha, Mama Sare alipoamka alikuta ubao umegeuzwa, ule mkubwa kuliko yote, na mumewe amesimama mbele yake na kipande cha mkaa, hajaugusa. Akamsogelea, akamwambia jambo alilokuwa amelifikiria njia nzima kutoka kituoni.

"Sikiliza. Weka kila kitu. Lango, ukuta, taa, mlango wa nyuma, mlinzi. Kama ilivyo kwenye daftari. Yule bwana atakuja na daftari mkononi anatafuta kimoja kimoja. Sitaki uzuri. Nataka kila kitu."

"Nitaweka," akasema. Na alimaanisha.

*

Siku tano za kwanza zilikuwa siku nzuri kuliko zote walizopata mwaka ule, na hilo ndilo lililomwumiza Mama Sare baadaye alipozikumbuka. Mumewe alikuwa anatoka asubuhi kuripoti, anarudi, anachora mpaka mwanga unapokufa. Hakuhitaji daftari. Mkono ulikuwa umekariri. Lango lilitokea lenyewe, na ukuta wa mtu mmoja na nusu, na kona yenye giza, na taa mbovu kwenye mlingoti wake. Mama Sare alikuwa anashona huku anahesabu: lango lipo, taa ipo, mlango wa nyuma upo. Binti alianza tena kupiga soga. Shemeji alipita kila jioni na kusema safi, safi kabisa, hata kipofu ataona hili ni ghala.

Siku ya sita watu wakaingia kwenye picha, na mambo yakaanza kuharibika.

Watu walipoingia, ukuta ukawa mkubwa mno. Bwana Bado akaupunguza. Lango likawa linavuta macho, akalififisha. Mama Sare alimwona akifuta taa, akamwambia hapana, akairudisha, kesho yake haipo tena. Wakagombana. Mume akasema si kwamba anataka kufuta, ni kwamba vitu vyenyewe havikai. Rasimu ni za kujua, akasema. Unajua taa iko wapi ili ujue usiku umemwangukia nani. Ukishajua, taa ya nini?

"Ya mpelelezi," akasema Mama Sare.

Siku ya nane ukuta ulikuwa umefutika kabisa. Walibaki watu kumi na saba, wamesimama mahali pasipo na kitu, shingo zimegeuka kuelekea upande mmoja nje ya ubao. Nyuma kabisa mzee ameinama juu ya kiatu chake. Bega lilikuwa limekubali.

Mama Sare alimwamuru arudishe lango. Hakupiga kelele. Alimshika mkono akamwambia: binti yako. Duka la mdogo wako. Rudisha. Na mumewe akarudisha, kutwa nzima, lango lote na misumari yake, ukuta, taa, kila kilichokuwa kwenye daftari, akichora kama mtu anayeandika bango la duka. Jioni akakaa chini.

Mama Sare aliwasha taa, akaisogeza. Alikuwa hajui picha, na siku zote alisema hivyo bila haya. Lakini alikuwa amesimama pale asubuhi ile mbele ya wale watu, na alijua walivyokuwa. Hawa hawakuwa wao tena. Walikuwa watu wadogo waliosimama karibu na lango kubwa, kama tangazo la kampuni ya ulinzi. Yule mzee alikuwa anafunga kiatu tu.

Alikaa akiitazama picha muda mrefu. Mumewe hakumwomba kitu. Angemwomba, huenda angemkatalia. Mwishowe alikwenda kwenye kikapu cha vipande vya kitambaa, akachagua kimoja laini, pamba tupu, kisichoacha nyuzi, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akampa.

*

Siku ya kumi walibeba ubao wenyewe, shemeji mbele na Bwana Bado nyuma, kwa miguu, kwa sababu rangi ilikuwa mbichi na hakuna gari lingekubali. Mama Sare alitembea pembeni akizuia watu wasiuguse.

Mpelelezi alishangaa. Hilo Mama Sare aliliona, na moyo wake ukaruka. Walipouegemeza ubao ukutani ofisini kwake alirudi nyuma hatua moja, akatikisa kichwa, akasema kweli mzee una mkono. Alitazama kwa heshima, muda mrefu. Kisha akafungua kabati, akatoa madaftari matatu, akayapanga mezani, akavaa miwani.

"Haya," akasema. "Lango liko wapi?"

Bwana Bado akamwonyesha zile shingo. Akasema lango liko kule wanakotazama.

"Sijauliza wanatazama wapi. Nauliza lango." Akafunua. "Ukuta? Taa ya kona, kona uliyosema ndiyo inabeba picha nzima? Mlango wa nyuma, umeuchora mara tisa. Kubadilishana walinzi, kurasa kumi na nne. Ziko wapi hizo kurasa kumi na nne?"

"Zimo, afande. Bila hizo nisingejua wasimame vipi."

"Zimo wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Bwana Bado alinyoosha kidole kuelekea ubao, kikasafiri kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, kikashuka. Mama Sare akasema wao wenyewe waliviweka, viliwekwa vyote, vikafutwa. Akasema yeye ndiye aliyetoa kitambaa. Alipomaliza aliyasikia maneno yake mwenyewe, na akatamani angebaki na pini mdomoni.

"Mlivifuta," akasema mpelelezi, polepole, si kwa ubaya. Aliondoa miwani. "Mama, mimi nilikuwa nataka kukusaidia. Tajiri anapiga simu kila siku, lakini nilisema ngoja tuone gauni. Sasa tazama. Mtu anapima ukuta miezi minane. Anaandika taa, anaandika saa, anaandika mlango. Halafu anakuja na picha ambayo haina ukuta, haina taa, haina mlango. Basi vile vyote alivihitaji kwa kazi gani?"

Aliuliza kweli. Alingoja jibu. Shemeji alitazama juu, Bwana Bado alitazama picha yake, akisogeza kichwa kidogo, na Mama Sare akajua kwamba hata sasa hivi, hapo aliposimama, kuna mahali ameona pa kurekebisha.

Wakamrudisha ndani. Safari hii alivua mkanda mwenyewe kabla ya kuambiwa. Shemeji akaambiwa aende kwenye chumba cha pili kuandika maelezo kuhusu dhamana.

Mama Sare akabaki kaunta na yule askari aliyemuuliza kazi siku ya kwanza, maana ubao ulikuwa sasa kielelezo cha kesi na ulitakiwa kuandikishwa. Askari akauliza aandike nini. Andika picha, akasema Mama Sare. Ya nini? Ya watu wamesimama. Wangapi? Akahesabu kwa ncha ya kalamu, kumi na saba, akaandika. Kisha akalamba karatasi yenye namba, akaibandika kwenye kona ya chini, akaona hapo haitasomeka, akaibandua ili aiweke juu zaidi. Karatasi ikatoka na rangi. Ikatoka na kiatu cha mzee na mkono wake mmoja mzima, na mahali pake pakabaki mbao tupu.

"Pole, mama," akasema askari, akitazama vidole vyake. "Kumbe bado mbichi. Hii inatokaje?"

Mama Sare alimwambia aanze na mafuta ya taa, ndipo afuate na sabuni, asianze na maji. Askari akamshukuru sana. Akauinua ubao kwa kingo zake, akauingiza stoo, na akaufunga mlango kwa kiwiko, ili asichafue kitasa.